Kusaka sayari kubwa kwenye nyota zilizozeeka: anza na Mpingo

Wakuu, mwaka 2019 ule muungano wa kimataifa wa wanaastronomia, IAU, uligawa nyota kwa nchi mbalimbali, kila nchi ikachagua jina la nyota moja na sayari inayoizunguka. Kenya walipata HD 83443, wakaiita Kalausi na sayari yake Buru. Tanzania tukapata WASP-71, nyota ikawa Mpingo na sayari ikawa Tanzanite. Tulishangilia siku mbili tatu halafu tukasahau. Ila kuna kitu wengi kiliwapita pale, Mpingo ni nyota iliyozeeka. Karatasi iliyotangaza ugunduzi wake inalisema hilo kwenye kichwa cha habari kabisa. Kwahiyo mtu akiniuliza aanzie wapi kujifunza kusaka sayari kubwa kwenye nyota za namna hiyo namwambia aanze na Mpingo, jibu lake linajulikana tayari, ukikosea unajua umekosea. Mi nilianza huko na nilikosea sana, na makosa yangu nitayataja humu ili we ukosee mengine.

Nyota kuzeeka iko hivi. Nyota kama Jua inaishi kwa kugeuza hidrojeni kuwa heliamu pale katikati. Hidrojeni ya katikati ikiisha, kiini kinajikunja na huku juu nyota inaumuka kama andazi kwenye mafuta, inakua kubwa na ngozi yake inapoa, rangi inaelekea wekundu. Mwanzoni inaumuka kidogo tu, mara mbili au tatu ya Jua, hapo bado ni jitu changa. Baadae inafika mara kumi na kuendelea, hilo sasa ndo jitu jekundu lenyewe, mfano Aldebaran, ile nyekundu iliyo jirani na Kilimia, wazee wa pwani waliokuwa wanahesabu mvua kwa Kilimia waliiona kila mwaka. Jua letu nalo litafika huko baada ya kama miaka bilioni 5.

Sasa kwanini mtu ahangaike na mazee wakati nyota tulivu zipo kibao? Sababu moja kila mtu anaiwaza, unataka kujua sayari inafanywa nini nyota yake ikivimba. Ya pili ndo mimi naipenda zaidi. Nyota nzito, tuseme mara mbili ya Jua, ikiwa kijana ni ya moto mno na inazunguka kwa kasi, mistari myeusi inayoonekana mwanga wake ukigawanywa kwa rangi ni michache na imetawanyika kama picha uliyopiga dirishani daladala inakimbia, kupima mwendo wake kwa mistari hiyo ni mateso. Ikizeeka inapoa, inapunguza kuzunguka, mistari inakuwa mingi na myembamba, inapimika. Yani ukitaka kujua nyota nzito zinazaa sayari gani, njia rahisi ni kuzihoji uzeeni.

Vifaa. Kwa hatua za mwanzo huhitaji darubini. Unahitaji kompyuta yenye Python, lugha ya kuandikia programu, au kama kompyuta yako ni ya kuombea dua tumia Google Colab kwenye brauza, kazi inafanyika kwenye mashine zao na bando lako linatumika kidogo tu. Ndani ya Python weka Lightkurve, hiyo ndo itakushushia data za TESS na Kepler bure. TESS ni ile satelaiti ya NASA iliyorushwa Aprili 2018, inaangalia kipande kimoja cha anga kwa kama siku 27 halafu inahamia kingine, kila kipande kinaitwa sekta. Kepler ni darubini ya anga ya NASA iliyoitangulia, ilifanya kazi 2009 mpaka 2018. Andika jina la nyota kwenye Lightkurve, WASP-71 kwa mfano, itakuletea orodha ya sekta zilizopo, unachagua.

Lakini usishushe chochote kwanza. Jua nyota yako. Hapa ndo watu wengi wanaruka na hapa ndo kila kitu kinaharibikia, maana kwenye mchezo huu sayari huioni kabisa, unaona nyota tu, na kila namba utakayosema kuhusu sayari imekopwa kwenye namba za nyota. Ukikosea ukubwa wa nyota mara tatu umekosea ukubwa wa sayari mara tatu, haina rufaa.

Kisa cha kweli: kwenye orodha ya Kepler, mtahiniwa namba 4, yani kitu kinachoshukiwa kuwa sayari, KOI-4, alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kabisa kuonekana. Katalogi ilisema nyota yake ina ukubwa wa karibu na Jua, basi sayari ikatoka ndogo, saizi ya Neptuni hivi. Shida ikaja, sayari ilipokwenda nyuma ya nyota mwanga ulipungua kiasi ambacho kitu kidogo vile hakiwezi kupunguza, watu wakasema huyu muongo, wakampiga muhuri wa feki. Miaka ikapita. 2019 timu ya Ashley Chontos ikasikiliza mitetemo ya ile nyota, ikakuta ni jitu changa, karibu mara tatu ya Jua kwa upana. Ghafla sayari ikawa saizi ya Mshtarii, na ule mwanga wa nyuma ukawa na maana. Leo inaitwa Kepler-1658b. Miaka kumi kwenye debe la taka kwasababu ya nusu kipenyo cha nyota.

Kwahiyo hatua ya kwanza ni Gaia, satelaiti ya Ulaya iliyopima umbali wa nyota. Nenda kwenye data zake, toleo la tatu lilitoka Juni 2022, chukua vitu vitatu: paralaksi, ambayo inakupa umbali, mng'ao na rangi. Umbali na mng'ao vinakupa nguvu halisi ya nyota, rangi inakupa joto la ngozi, na ukishakuwa na nguvu na joto ukubwa unatoka wenyewe kwa hesabu ya form four. Nyota ikiwa na joto la kawaida kama la Jua lakini inatoa mwanga mara tano au sita zaidi, hiyo imevimba, hakuna namna. Halafu angalia namba moja inaitwa RUWE. Ikizidi 1.4 hivi shtuka, inawezekana ni nyota mbili zimeshikana na Gaia inaziona kama moja.

Sasa hesabu kabla ya kutafuta. Sayari ikipita mbele ya nyota inaziba sehemu ya mwanga, na kiasi kinachozibwa ni nusu kipenyo cha sayari ukigawa kwa cha nyota, jibu ulizidishe kwa lenyewe. Mshtarii akipita mbele ya Jua anaziba asilimia 1 hivi. Mshtarii huyohuyo mbele ya nyota mara tatu ya Jua, asilimia 0.12. Mbele ya jitu mara kumi, asilimia 0.01, sehemu mia moja kwa milioni, hapo ni kutafuta mbu aliyetua kwenye taa ya uwanjani. Mpingo karatasi ya ugunduzi iliipa nusu kipenyo mara 2.26 ya Jua na Tanzanite mara 1.46 ya Mshtarii, piga hesabu utapata kama asilimia 0.44. Hiyo inaonekana kwa macho kwenye grafu, ndo maana nasema anza hapo.

Kuna faida upande wa pili. Nyota ikiwa nene, nafasi ya sayari kupita mbele yake ukiwa umekaa huku inaongezeka. Sayari ya siku 10, yani inayomaliza mzunguko mmoja kwa siku 10, kwenye nyota kama Jua ina kama asilimia 5 ya kutupitia mbele, kwenye nyota nene mara tano na nzito kidogo kuliko Jua inafika karibu asilimia 24. Na mpito wenyewe unakuwa mrefu, kutoka kama saa 4 mpaka zaidi ya saa 18. Shika hiyo namba ya saa 18, inaua watu.

Inaua hivi. Data za TESS zinakuja na mawimbi ya polepole, satelaiti inapata joto, mwanga wa Dunia na Mwezi unavuja ndani, nyota nayo ina mambo yake, kwahiyo lazima unyooshe grafu kabla ya kutafuta. Lightkurve ina amri ya kunyoosha inaitwa flatten, na usipoiambia kitu inatumia dirisha la vipimo 101. Ukiwa na data za kila nusu saa hilo dirisha ni zaidi ya siku mbili, sawa. Ukiwa na data za kila dakika 2, vipimo 101 ni saa tatu na dakika 22 tu. Mpito wa Tanzanite unachukua kama saa 5. Unaona kinachotokea? Programu inauona mpito kama wimbi la polepole, inaunyoosha pamoja na takataka. Mi nilikaa usiku mzima naangalia mstari ulionyooka kama rula, nikaamini nimeshusha nyota isiyo yenyewe, nikashusha tena na tena mpaka bando likaisha, asubuhi ndo nikasoma maelezo ya ile amri. Dirisha liwe angalau mara tatu ya urefu wa mpito unaoutarajia, na kama unajua mpito uko wapi ufiche kwanza kabla ya kunyoosha. Kwa majitu, mimi sishuki chini ya siku mbili.

Kutafuta mpito wenyewe unatumia BLS, ni njia ya kukunja grafu kwa kila kipindi kinachowezekana na kuona kama kuna shimo lenye umbo la boksi. Iambie itafute mashimo marefu mpaka siku nzima, usiiachie urefu wa kwenye nyota ndogo. Sekta moja ya siku 27 inakupa sayari za chini ya siku 13 hivi kwa uhakika, zaidi ya hapo unapata mpito mmoja au miwili na unaanza kuomba.

Ukipata shimo usimwambie mtu. Kwanza linganisha mashimo ya namba witiri na ya namba shufwa, kama kina ni tofauti hizo ni nyota mbili zinazibana kwa zamu. Angalia nusu ya mzunguko kama kuna shimo dogo lingine. Fungua pikseli zenyewe, pikseli moja ya TESS ina upana wa sekunde-tao 21, kipimo cha pembe angani, humo ndani nyota nne tano zinakaa kama abiria wa Mbagala saa kumi na moja jioni, na inayopungua mwanga inaweza kuwa siyo yako. Angalia pia kama shimo limetokea pale satelaiti ilipoanza tena kazi baada ya kutuma data, mashimo ya muda huo mi siyaamini. Na kwa majitu kuna kipimo kizuri mno ambacho nyota za kawaida hazikupi kirahisi: urefu wa mpito unakuambia nyota imesongamana kiasi gani. Kama nyota yako ni jitu lililovimba lakini mpito unachukua saa 3 tu, huyo anayepitiwa siyo jitu, kuna nyota ndogo nyuma yake imejificha kwenye mwanga wake.

Tuje kwenye mitetemo, sehemu tamu kuliko zote. Nyota inachemka juu kama sufuria ya maharage, na ule mchemko unaifanya igonge kama kengele. Jua linatetema kwa kama dakika 5, haraka na kidogo mno, kulisikia kwa mbali ni kazi. Nyota ikivimba mtetemo unakuwa wa polepole na mkubwa zaidi, TESS inausikia. Chukua grafu yako, toa mipito, geuza kuwa spektra ya nguvu, yani grafu ya kila mdundo una nguvu kiasi gani, Lightkurve inafanya kwa amri moja, utaona kilima. Unahitaji namba mbili: kilele cha kilima kiko kwenye marudio gani, na vijiti vilivyo ndani ya kilima vimeachana kiasi gani.

Mfano ni TOI-197, ya kwanza TESS kuipata ikiwa na sayari inayopita na mitetemo inayosikika pamoja, kazi iliyoongozwa na Daniel Huber, 2019. Kilele kiko maikrohezi 430 hivi, yani mitetemo 430 kwa sekunde milioni moja, mtetemo mmoja kama dakika 39, na vijiti vimeachana maikrohezi 28.9. Jua lina 3090 na 135. Sasa gawa 430 kwa 3090, unapata 0.139. Gawa 28.9 kwa 135, unapata 0.214, izidishe kwa yenyewe, 0.046. Gawa ya kwanza kwa hii, inakuja 3.03. Zidisha kwa kipeuo cha pili cha joto la nyota ukigawa kwa la Jua, nyota iko kama kelvini 5080 na Jua 5772, kipeuo chake 0.94. Jibu: mara 2.85 ya Jua. Wao kwa modeli nzito walipata 2.94. Kalkuleta ya simu imekufikisha hapo, ukiwa umekaa kibarazani. Kutoka hapo walipata pia masi, mara 1.21 ya Jua, na umri, kama miaka bilioni 5, na umri wa nyota ni kitu ambacho kwa nyota nyingi watu wanabahatisha tu.

Tahadhari moja, mchemko huohuo ndo kelele yako. Kwenye jitu la mara kumi mchemko unaweza kutikisa grafu kwa kiasi kilekile cha mpito na kwa saa zilezile, kwahiyo usimwage vipimo kwenye modeli inayodhani kila kelele ni ya bahati nasibu. Tumia michakato ya Gauss, njia ya kitakwimu ya kuiga kelele zinazofuatana, kuiga mchemko sambamba na mpito, ni ngumu kidogo ila vifurushi vya Python vipo, usiogope.

Hapo una ukubwa. Masi bado, na bila masi huwezi kuitofautisha sayari na nyota kibete ya kahawia, kitu kizito kuliko sayari ila chepesi mno kuwaka kama nyota, maana vyote viwili vinaweza kuwa saizi ya Mshtarii. Masi inatoka kwenye kuyumba kwa nyota: sayari inaivuta, nyota inakuja na kwenda, mistari ya mwanga wake inasogea kwa athari ya Doppler. Hapa huwezi peke yako, unahitaji spektrografu, kifaa cha kugawanya mwanga kwa rangi, kama HARPS iliyo La Silla kule Chile, kwahiyo mtahiniwa wako unampandisha kwenye ExoFOP, tovuti ambako watu wenye darubini wanaangalia nani anafaa kufuatwa. Ila hesabu ya kujua kama inawezekana ifanye mwenyewe kabla hujasumbua watu. Chukua mita 28.4 kwa sekunde, zidisha kwa masi ya sayari ukihesabu Mshtarii ni 1, gawa kwa kipeuo cha tatu cha kipindi kwa miaka, gawa tena kwa masi ya nyota, ukihesabu Jua ni 1, iliyopandishwa nguvu ya theluthi mbili. Tanzanite ina masi 2.24, kipindi siku 2.9, nyota 1.56, inatoka kama mita 237 kwa sekunde, kubwa, hata spektrografu ya kawaida inaiona. Sayari ya TOI-197 ina masi 0.19, kipindi siku 14.3, inatoka mita 14. Sawa na kasi ya bodaboda anayewahi abiria, na inapimwa kwenye nyota nzima.

Na hapa majitu mekundu yanapokuwa majitu kweli. Mchemko na mitetemo yao peke yake inaweza kuyumbisha kipimo kwa mita kumi, ishirini, wakati mwingine zaidi. Tena hiyo ni ya saa na siku, unaweza kuipunguza kwa kupima mara nyingi. Inayotisha ni ya miaka.

Chukua jitu moja, Gamma Draconis. Mwanaastronomia Artie Hatzes na wenzake waliipima miaka mingi, na kuanzia 2003 mpaka 2011 ilikuwa inayumba kwa siku 702 bila kukosea, sayari ya kama mara 10.7 ya Mshtarii. Wakaangalia mwanga wa nyota kama unabadilika kwa siku 702, hapana. Umbo la mistari, hapana. Mistari ya kalisiamu inayoonyesha usumaku, hapana. Mtihani wote umefaulu. Halafu 2011 ikaacha. Mpaka 2013 hakuna kuyumba, 2014 ikaanza tena lakini kwa mdundo uliosogea. Sayari haiendi likizo. Kwahiyo nyota yenyewe inafanya kitu ambacho kinafanana na sayari kwa miaka minane mfululizo, na wangetangaza 2011 leo ingekuwa kwenye katalogi. Aldebaran nayo ilitangazwa kuwa na sayari ya siku 629 mwaka 2015, 2019 watu wakachukua vipimo zaidi wakaanza kutilia shaka. Ukiona katalogi imejaa sayari za siku 400 mpaka 800 kwenye majitu makubwa, soma kwa jicho moja limefumba.

Kinyume chake pia kipo, na kinauma zaidi. Gamma Cephei: 1988 Wakanada Campbell, Walker na Yang waliona kuyumba, 1992 wakajirudi wakidhani ni nyota inazunguka, 2003 ikathibitishwa kuwa ni sayari kweli. Wangeshikilia msimamo wao historia ya sayari za mbali ingeandikwa vingine.

Basi unaamini lini? Vigezo vyangu mimi, siyo sheria. Jitu likiwa dogo, chini ya mara tano ya Jua, naamini haraka. Likiwa zaidi ya mara ishirini nataka miaka kumi na zaidi ya vipimo, na nataka mdundo usisogee hata kidogo. Nataka pia kuyumba kupimwe kwa mwanga wa infraredi, maana sayari inavuta nyota nzima, kiasi cha kuyumba lazima kilingane kwa rangi zote, doa la nyota halilingani. Na obiti ikiwa ya yai nashusha pumzi. Iota Draconis, jitu la kwanza kupatikana na sayari, 2002, kwenye kituo cha Lick kule Marekani, ina obiti ya siku 511 iliyovutika kweli, 0.7 ambapo 0 ni duara, grafu yake inapanda polepole halafu inaporomoka kwa ghafla. Mdundo wa nyota kuiga umbo hilo kila baada ya siku 511, sijui ujifunzie wapi. Pollux nayo imeshika, Hatzes na Cochran waliona kuyumba kwake tangu 1993 na ilipofika 2006 mdundo ulikuwa bado uleule, siku 590.

Ukishapata masi na ukubwa gawa upate msongamano. Sayari ya TOI-197 ina masi ya Dunia 60 na ukubwa mara 0.84 ya Mshtarii, gramu 0.43 kwa kila sentimita ya ujazo, ingeelea kwenye maji, nyepesi kuliko Zohali. Hapo ndo maswali ya kweli yanaanza. Kwa mfano je, sayari ikiongezewa joto na nyota inayovimba nayo inavimba upya? K2-97b na K2-132b zimefanana kama mapacha, nusu ya masi ya Mshtarii, ukubwa mara 1.3, siku 8 na 9, zote kwenye majitu, na Samuel Grunblatt na wenzake wanaona zinaashiria hivyo. Mi nadhani wako sahihi ila mapacha wawili ni wachache, tunahitaji ukoo mzima.

Swali lingine ni nani anakufa. 2025 Edward Bryant na Vincent Van Eylen walipitia karibu nyota nusu milioni za TESS, wakatoka na sayari na watahiniwa 130, 33 wapya, na ukilinganisha nyota, zilizoanza tu kuzeeka zina sayari kubwa za karibu kwa asilimia 0.35, zilizovimba zaidi 0.11. Pengo hilo ni sayari zilizoliwa, au ndo tafsiri yao na mimi naikubali, kwasababu tumeziona zikielekea mdomoni: Kepler-1658b mzunguko wake unapungua milisekunde 131 kila mwaka. Mvuto wa sayari unainua bonge kwenye nyota, bonge linachelewa, linairudisha sayari nyuma, inashuka. Halafu kuna mkorofi, Halla, kwenye nyota iitwayo Baekdu, majina ya Kikorea kwasababu Wakorea ndo waliigundua. 2023 Marc Hon na wenzake walisikiliza mitetemo ya Baekdu, wakakuta tayari inachoma heliamu, maana yake ilishawahi kuvimba mpaka 0.7 ya umbali wa Jua na Dunia kisha ikanywea, na Halla iko 0.46, ndani ya pale moto ulipofika. Wazo lao moja ni kwamba zilikuwa nyota mbili zikameza zenyewe kwa zenyewe, uvimbe ukakatishwa. Hiyo yote imetoka kwenye kilima kimoja kwenye spektra.

Kazi ya kupima kushuka unaweza kuifanya kwa Tanzanite, ni kuandika tu saa ya katikati ya kila mpito kwa miaka. Zingatia muda. TESS inatoa muda kwa siku za Julian, hesabu ya siku ya wanaastronomia, uliopunguzwa 2457000, urudishie, na ni muda wa kwenye kitovu cha mfumo wa Jua, siyo wa saa yako ya ukutani, ukisahau unaweza kupotea mpaka dakika 8. Mimi nilipotea zaidi. Nilitabiri mpito kwenye daftari, nikaandika saa nne usiku kama mtu yeyote wa huku, baadae nikaingiza 22:00 kwenye programu, programu ikaichukua kama saa ya Greenwich. Grafu ikaonyesha Tanzanite imewahi kwa saa tatu kamili, nikajua inaliwa, tena haraka kuliko kitu chochote kilichowahi kuandikwa, nikashika simu nimpigie mshkaji wangu anayefundisha fizikia. Akaniuliza swali moja tu, "Saa tatu kamili kamili?"